Namna ya Kurekebisha Makadirio ya Bei za Malighafi Viwanda Vinapohama

Anza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo taarifa nyingi huyachanganya, yaani kuhama kwa viwanda na kuongezeka kwa mahitaji. Kazi ya kuunganisha simu ikihamishwa kutoka China kwenda Vietnam au India, kiasi cha shaba na alumini kinachoingia katika kila simu hubaki kilekile. Kwa hiyo usipandishe kadirio la bei kwa sababu tu nchi fulani imetangaza viwanda vipya, mpaka ujue ni uzalishaji kiasi gani umepungua kwingine.

Lipo ongezeko la kweli, ila ni la muda. Majengo, njia za umeme na bandari hula chuma, saruji na shaba kabla bidhaa ya kwanza haijatoka kiwandani. Liweke katika miaka ya ujenzi pekee, kisha uliondoe.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito zaidi, nayo ni kufuatilia mahali malighafi inapoyeyushwa na kusafishwa, badala ya mahali bidhaa inapokamilishiwa. China peke yake hutumia zaidi ya nusu ya shaba iliyosafishwa duniani, na matanuri ya kuyeyushia hayahami upesi kama meza za mafundi wa kuunganisha vifaa. Yanapohama, hata hivyo, bei huyumba vibaya. Januari 2020 Indonesia ilipiga marufuku kusafirisha nje nikeli ghafi, na matanuri mengi, hasa ya mtaji wa China, yakajengwa humo humo, hata nchi hiyo ikafikia kutoa zaidi ya nusu ya nikeli yote inayochimbwa duniani. Mchambuzi aliyetazama betri za magari ya umeme, ambazo nyingi hutumia nikeli, peke yake alikuwa na kila sababu ya kutabiri kupanda kwa bei. Lakini mwaka 2023 bei ilianguka kwa zaidi ya asilimia 40, na mwaka uliofuata kampuni ya uchimbaji madini ya BHP ikasimamisha shughuli zake za nikeli Australia Magharibi. Mahitaji yalikua kweli, ila ugavi uliyapita.

Ushuru wa forodha ushughulikie peke yake, kwa kuwa mara nyingi hutenganisha bei za masoko mawili kabla ya kugusa bei ya dunia nzima. Julai 2025 wafanyabiashara walikwisha kujaza shaba katika maghala ya Marekani wakitarajia ushuru wa asilimia 50. Ilipotangazwa kwamba shaba iliyosafishwa haimo katika ushuru huo, bei ya New York ilishuka kwa takriban asilimia 20 kwa siku moja, ilhali ya London haikutikisika kwa kiasi hicho. Akiba inayohama kutoka ghala moja hadi jingine si matumizi.

Fahirisi ya mameneja wa ununuzi (PMI), yaani kipimo cha kila mwezi kinachotokana na kuwauliza mameneja hao kama shughuli zao zimeongezeka au zimepungua, inasaidia, mradi usiisome kupita kiasi: ikivuka 50 huashiria kwamba shughuli za viwanda zinapanuka, lakini haisemi viwanda hivyo ni vikubwa kiasi gani. Alama 52 za Vietnam haziwezi kufidia 49 za China.

Mwisho, toa kadirio kama upeo wenye kiwango cha chini na cha juu, na kando yake uandike tukio litakalokulazimisha kulirekebisha, kwa mfano kuwashwa kwa tanuri jipya, marufuku ya kusafirisha madini ghafi, au tarehe ya kuanza kwa ushuru.