Jinsi ya kurekodi albamu ya big band ya chuo: wote chumba kimoja, kwa pamoja

Nimepuliza tromboni (chombo cha shaba chenye bomba la kuvuta) miaka minne kwenye big band ya chuo kimoja huku Marekani na nimeshiriki albamu mbili, ya kwanza nikiwa kiti cha tatu cha tromboni, ya pili nikiwa kiongozi wa safu ya tromboni. Kuna vijana wa kwetu wako vyuo vya huku wananiuliza bendi yetu inaingia studio tufanyeje, basi naandika hapa ninachokijua, maana kurekodi watu 18 wanaopiga kwa pamoja ni kitu kingine kabisa na kumrekodi msanii mmoja juu ya biti.

Tuelewane kwanza. Kwetu ukisema jazz mtu anakumbuka Morogoro Jazz au Western Jazz, bendi za dansi ambazo gitaa ndo linaongoza. Big band ni midomo ya bata mitano, yaani saksafoni (alto mbili, tenori mbili, baritoni moja), tarumbeta nne au tano, tromboni nne na ya mwisho inakuwa ya besi, halafu piano, gitaa, besi na dramu. Vyuo vya Marekani vimeifanya kuwa somo kamili. University of North Texas pale Denton, Texas, ilianza kutoa digrii ya jazz mwaka 1947, na bendi yao kubwa inaitwa One O'Clock Lab Band kwa sababu tu mazoezi yao yalikuwa saa saba mchana. Albamu yao ya Lab 75 iliteuliwa kuwania Grammy, na wale walikuwa wanafunzi. Kwa hiyo msiingie studio mkijiona mnafanya kazi ya shule.

Sasa ushauri wangu mkubwa kuliko yote: rekodini wote kwa pamoja, chumba kimoja, muda mmoja. Kuna mtu atakuja na wazo kwamba leo tumrekodi dramu na besi, kesho saksafoni, keshokutwa tarumbeta, eti itakuwa rahisi kusafisha makosa. Kataeni. Kwenye big band tarumbeta kiongozi ndo anaamua noti inaanza vipi na inakatika wapi, tromboni kiongozi na alto kiongozi wanamfuata, na wengine wanawafuata wao, na hiyo yote inafanyika kwa kusikia pumzi ya mwenzako anavyoivuta kabla hajapuliza. Dramu naye anawafungulia mlango, anapiga kidogo kabla ya ule mpigo mkubwa ili wapulizaji wote waingie kama mtu mmoja. Ukiwatenganisha kila mtu anafuata hedifoni yake, noti zinakuwa sahihi lakini swingi (ule mdundo wa jazz unaobembea) hakuna, na swingi ikishakosekana hakuna injinia duniani wa kukurudishia.

Ukikubali hilo, mambo mengine yote yanajipanga kulifuata.

Tarehe kwanza. Mwaka wa chuo huku unaisha Mei na wale wa mwaka wa mwisho wanaondoka, na mara nyingi ndo hao wamekalia viti vya uongozi. Bendi mnayoisikia Machi haitakuwepo tena Septemba, hivyo wekeni studio mwishoni mwa Machi au Aprili, msisubiri mitihani, msisubiri kiangazi. Nyimbo nane au tisa zinatosha, siku mbili, nyimbo nne au tano kwa siku.

Kwenye kuchagua nyimbo angalieni hakimiliki mapema, na hapa wengi wanajikwaa. Kununua noti za wimbo dukani hakukupi ruhusa ya kuurekodi. Kwa sheria ya Marekani wimbo ulioshatoka unaweza kuurekodi kwa leseni ukilipa kiwango kilichowekwa, na mwaka 2023 kilikuwa senti 12 kwa kila nakala kama wimbo hauzidi dakika 5, ukizidi ni senti 2.31 kwa kila dakika, na kimekuwa kikipanda tangu hapo. Nyimbo za big band hazikai ndani ya dakika 5, solo mbili tu umeshapita. Wimbo wa dakika 7 kwa nakala 1,000 kwa kiwango hicho ni kama dola 162, zidisha kwa nyimbo sita uone. Ndo maana napenda angalau nusu ya albamu iwe tungo za wanafunzi wenyewe, na sio kwa ajili ya pesa tu. Kijana akiandikia bendi anawajua wapigaji wake, anajua nani ana sauti ya juu na nani anabembeleza vizuri, inasikika.

Mazoezi: rekodini kila wimbo kwa simu wiki tatu kabla, wekeni simu katikati ya chumba, halafu kaeni msikilize bila vyombo mkononi. Mtasikia vitu ambavyo ukiwa unapuliza huwezi kuvisikia, mfano safu moja inakata noti mapema kuliko nyingine. Kondakta aandike kwa namba tempo (kasi) ya kila wimbo kwenye karatasi yake na studio ahakikishe na metronomu (kifaa cha kuhesabu mipigo) kabla ya kila teki (teki ni kupiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho). Msipige na metronomu masikioni, ila muanze tempo ileile kila mara, kwa sababu mkija kuunganisha nusu ya teki ya pili na nusu ya teki ya tatu tempo zikipishana kidogo tu kila mtu atasikia.

Kukaa studio. Jukwaani huwa saksafoni mbele, tromboni katikati, tarumbeta nyuma, wote wanatazama watu. Studio hakuna watu, kaeni kwa kutazamana, tarumbeta na tromboni upande mmoja, saksafoni mbele yao wakiwaelekea, dramu pembeni kwenye vizuizi vifupi vya sauti ambavyo anaweza kuona juu yake. Viongozi wa safu wakae katikati ya safu zao. Besi kubwa ya kusimama ndo pekee naikubalia chumba chake cha vioo, kwa sababu sauti yake ni ndogo na maiki yake itajaa tarumbeta, lakini lazima aone mikono ya dramu. Sauti zitavuja kutoka maiki moja kwenda nyingine, ni kawaida, mpunguze tu: maiki ikiwa sentimita 50 kutoka kwa mpulizaji, maiki ya jirani iwe angalau mita moja na nusu kutoka hiyo ya kwanza. Na mwambieni injinia atundike maiki mbili juu ya bendi nzima, mimi naamini sauti ya albamu inaanzia hapo na zile za karibu ni za kuongezea.

Piano ipigwe tyuni asubuhi ileile. Vyombo vya shaba vikiwa vya baridi vinashuka na vikipata joto vinapanda, hivyo pasheni dakika 20 kwanza ndo mtyuni, na mkirudi kutoka mapumziko mtyuni tena.

Midomo ya wapiga tarumbeta ina kikomo na hakuna dawa yake zaidi ya ratiba nzuri. Wimbo wenye noti za juu kabisa uwe wa pili asubuhi, midomo imeshapata moto na bado haijachoka. Ule wa taratibu uwekeni baada ya chakula. Kila saa dakika 10 za kupumzika hata kama injinia anaangalia saa. Teki tatu kwa wimbo, ya nne kama kuna sababu, ya tano sijawahi kuona inakuwa bora kuliko ya pili.

Halafu ukimya. Albamu yetu ya kwanza tulipata teki moja ya wimbo wa taratibu ambayo mpaka leo naikumbuka, akodi ya mwisho imeshuka polepole, toazi la dramu linaendelea kulia peke yake, chumba kizima kimeganda, na mwenzangu wa pembeni akashusha myuti yake (kizibo cha kupunguza sauti ya chombo) sakafuni. Tap. Kidogo tu. Tulirudia mara mbili na haikurudi vile. Kwa hiyo wekeni zulia au taulo chini ya kila kiti, jaribuni viti vyote kama havilii, noti zinazohitaji kugeuzwa mzigundishe kurasa tatu kwa upana ili mtu asifunue karatasi katikati ya sehemu ya kimya, na noti ya mwisho ikiisha mtu asihame, asivute pumzi kwa nguvu, asishushe chombo, mpaka injinia aseme.

Makosa madogo yanarekebishika siku hiyohiyo, safu iliyokosea irudie vipimo (baa) vinne hivyo kila mtu akiwa amekaa palepale. Kwenye solo mimi nasema solo ipigwe na bendi, sio kuja kuwekwa baadaye, maana dramu na piano wanamjibu anayesolo.

Kumiksi (kuchanganya sauti za maiki zote) waende watu watatu tu, kondakta, mmoja wa safu za wapulizaji na mmoja wa dramu, piano au besi, wakienda 18 kila mtu atataka chombo chake kipandishwe. Na mtu wa kumasta (anayemalizia sauti ya albamu nzima) mwambieni asibane sauti kulingana na muziki wa redio, bendi hii uzuri wake ni kutoka kunong'ona mpaka kupasua dari, ukisawazisha hivyo viwili umeiua.

Mwisho majina. Siku ya mazoezi ya mwisho pitisheni karatasi kila mtu aandike jina lake kwa mkono wake, chombo chake, na solo anazopiga wimbo kwa wimbo, halafu hiyo karatasi ndo iende kwa anayetengeneza kava, sio orodha ya ofisini. Yetu ilitoka ofisini na mpiga baritoni, aliyepiga solo mbili, hakuwemo.