Namna ya Kuandaa Hafla ya Kuwaenzi Watu wa Mvinyo wa Afrika Mashariki Jijini Nairobi

Kabla ya kutafuta ukumbi Westlands au Karen, kamati ya hafla inapaswa kukubaliana ni kazi gani inayoenziwa, kwa kuwa orodha inayoanza na majina makubwa huishia kwa wenye mashamba na wenye viwanda pekee. Katika ukanda wetu kosa hilo ni zito kuliko lingekuwa Ufaransa. Huko baridi kali huulaza mzabibu na majira ndiyo huuamsha, lakini Naivasha na Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, hivyo mzabibu huanza mzunguko mpya pale unapopogolewa. Mpogoaji husimama mbele ya shina, huchagua tawi lililokomaa, huhesabu macho (vichipukizi vilivyolala) mawili au matatu kutoka chini, kisha hukata; kwa mkato huo amekwisha kupanga zabibu zitaiva lini. Ndiyo maana wakulima wa Dodoma huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kwa maoni yangu, hafla isiyomwita mbele mpogoaji hata mmoja haijauenzi mvinyo wa Afrika Mashariki.

Gawanyeni heshima kwa kufuata kazi: waliopanda, waliotunza, waliotengeneza na waliouza. Kwa upande wa Kenya, anzieni Naivasha, kwenye mashamba yanayozalisha mvinyo wa Leleshwa; kwa Tanzania, fikeni Hombolo na Makutupora mkoani Dodoma, na msiwasahau wamisionari walioanzisha kilimo cha zabibu huko.

Kukusanya ushahidi ndiko kutakakochukua muda mwingi, na hapo pasiwe na haraka. Historia ya Pinotage, mvinyo unaojulikana sana katika maduka ya Nairobi, inaonyesha sababu. Mwaka 1925 Profesa Abraham Perold alichavusha aina mbili za zabibu, Pinot Noir kwa Cinsaut, huko Stellenbosch, Afrika Kusini, akapata mbegu nne, akazipanda katika bustani ya nyumba aliyokuwa akiishi. Alipohama, bustani ilimezwa na magugu, na wafanyakazi walipotumwa kuisafisha, mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, aliyekuwa akipita hapo na aliyejua habari za miche hiyo, aliiokoa. Baadaye C. J. Theron aliipandikiza kwenye mashina mengine. Anayemtaja Perold peke yake ameeleza mwanzo tu. Kwa hiyo, kwa kila anayependekezwa, ulizeni ni nani aliyekuwepo kazi ilipokaribia kupotea. Waulizeni wazee wa shambani pamoja na wakubwa wa ofisini, rekodini maelezo yao kwa ridhaa yao, kisha yalinganisheni na picha, lebo za zamani na daftari za mishahara.

Mwombeni ruhusa kila mteule mapema, na ikiwa ni marehemu, iombeni familia yake. Wapo waliotumikia mizabibu miaka mingi bila kuonja mvinyo kwa sababu ya dini. Hao waandalieni juisi ya zabibu, nao wapewe glasi sawa na za wengine.

Wasifu utakaosomwa uwe mfupi na ujengwe juu ya vitenzi. Maneno "kwa mchango wake mkubwa katika sekta" humfaa mtu yeyote, hivyo hayamheshimu yeyote. Andikeni alichofanya: alifundisha vijana kupogoa, alibaini ugonjwa wa majani kabla haujaenea, alilinda mapipa umeme ulipokatika. Usomwe kwa Kiswahili, na ikiwezekana asome mtu aliyefanya kazi naye.

Kuhusu sheria, chagueni ukumbi wenye leseni ya pombe, msimhudumie aliye chini ya miaka 18, na hakikisheni kila chupa, hata iliyotoka Dodoma, ina stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Anzeni kuonja mvinyo mweupe, kisha mwekundu, kwa vipimo vidogo, na wasifu wa kila kundi usomwe kabla ya kumimina mvinyo unaohusika.

Bajeti ya kwanza iwe ya nauli na malazi ya wanaoenziwa, maana si haki mzee kurudi Naivasha usiku kwa matatu akiwa amebeba ngao. Bahasha ya fedha iambatane na ngao hiyo. Baada ya hafla, pelekeni shambani nakala ya kila wasifu, iwekwe mahali ambapo wafanyakazi wapya hupokelewa.