Jinsi ya kuitambua sonona kwa mwanafunzi mwenzako na kumfikisha kwenye msaada

Ni nadra mwanafunzi wa Nairobi kusema kwamba ana sonona, yaani ugonjwa wa akili ambao kwa Kiingereza huitwa depression. Husema amechoka, au kichwa hakishiki masomo, au tumbo linamsumbua, na kwa kuwa kila mtu katika jiji hili huchoka, tunampa pole na kwenda zetu. Mwongozo huu ni wa yule anayelala kitanda cha pili katika chumba hichohicho, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye huona mabadiliko kabla ya mzazi, mhadhiri au daktari, ila hajui kwamba anachokiona ni ugonjwa wenye jina na tiba.

Anza kwa kumlinganisha mtu na alivyokuwa yeye mwenyewe, wala si na wenzake. Nilikaa Ngara na mwenzangu ambaye hakuwahi kulala bila kuosha sufuria yake, hata usiku wa kuamkia mtihani. Muhula mmoja sufuria ile ilikaa chini ya meza na mabaki ya ugali hadi yakaota ukungu, pazia likashinda limefungwa, na simu yake ikawa inalia mpaka inanyamaza huku jina la mama yake likionekana kwenye kioo. Nilidhani ni uvivu, nikaiosha sufuria ile kwa hasira. Kumbe alikuwa ametibiwa taifodi mara mbili, na vidonda vya tumbo mara moja, katika zahanati ambayo hakuna aliyemuuliza analalaje.

Kisha hesabu siku. Wataalamu huzungumzia sonona pale dalili zinapodumu kwa muda usiopungua wiki 2, karibu kutwa nzima na karibu kila siku, na lazima mojawapo iwe huzuni au utupu wa moyo, au kupoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu. Zilizobaki hujikusanya kando ya hizo: kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kula kidogo mno au sana mno, uchovu usioisha kwa kupumzika, kusoma ukurasa mmoja mara tano bila kuambulia kitu, kujilaumu, na kufikiria kifo. Msongo wa mawazo wa kawaida hupungua mtihani ukipita au fedha za HELB, yaani mkopo wa serikali kwa wanafunzi, zikiingia, lakini sonona inaweza kubaki palepale hata baada ya fedha kuingia, na hapo ndipo wengi hushangaa na kumwona mwenzao hana shukrani.

Kuhusu chanzo, usitafute jibu moja. Kuna urithi wa ukoo, kuna mwili wenyewe, kuna msiba au ukatili uliompata mtu, na kuna pombe, bangi na muguka (aina ya miraa), ambazo wengine huzitumia kujiliwaza kumbe zinawazidishia. Kwa wanafunzi wetu, hata hivyo, naona aibu haitajwi vya kutosha. Kijana aliyechangiwa karo kwa harambee, ambaye baba yake aliuza ng'ombe ili afike chuoni, akikosa alama za somo moja anaona amewaangusha watu wa kijiji kizima, hivyo anaacha kupokea simu za nyumbani, na kadiri anavyojitenga ndivyo mawazo yanavyomkaba. Kumwambia mtu wa namna hii ajikaze ni kumwongezea mzigo uleule uliomlemea.

Unapozungumza naye, mchukue mahali pasipo na watu, taja ulichokiona kwa macho yako, kisha unyamaze. Unaweza kusema, "Rafiki yangu, wiki ya tatu sasa sijakuona darasani, na usiku nakusikia uko macho. Kuna nini?" Akikujibu kwamba ni uchovu tu, usibishane naye, bali muulize uchovu huo ulianza lini na ni jambo gani aliloacha kulifanya tangu hapo. Maombi yakiwa ni sehemu ya maisha yake, yaendelee, kwani kwenda kanisani au msikitini hakumzuii mtu kwenda hospitali.

Muulize pia waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Najua neno hilo ni zito kinywani, lakini kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na wengi hupata nafuu kwa kuona kwamba hatimaye kuna mtu anayeweza kulisikia. Akikubali, na hasa akiwa ana mpango, usimwache peke yake. Ondoa dawa, sumu na vitu vyenye makali vilivyo karibu, mwite mtu mzima mnayemwamini, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu za ushauri bila malipo kwa nambari 1199. Zamani marafiki waliogopa hatua hii kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 2, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba.

Pasipo hatari ya papo hapo, anzeni na ofisi ya ushauri nasaha ya chuo au zahanati ya chuo. Huko anaweza kupewa hojaji ya maswali 9, ambayo kila jibu lake hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ya 10 au zaidi huashiria kwamba anahitaji uchunguzi wa kina. Ni kipimo cha mwanzo tu, wala si hukumu. Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya Barabara ya Thika, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta zina madaktari wa magonjwa ya akili. Usimpe ramani ukamwacha aende. Panda naye matatu, kaa naye kwenye foleni, kwa maana ugonjwa huu humnyang'anya mtu zile nguvu hasa anazohitaji ili kuutafutia tiba.

Sonona isiyo kali mara nyingi hutibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu bila dawa. Dawa zikihitajika, huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na kwa walio chini ya miaka 25 wiki hizo za mwanzo zinahitaji uangalizi wa karibu, kwani mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kwa baadhi yao. Amweleze daktari kama amewahi kuwa na siku za nguvu zisizo za kawaida, akikesha bila kuchoka, kwa sababu hilo linaweza kubadilisha tiba. Asiziache dawa kwa kujihisi amepona. Kwa kawaida huendelea nazo kwa miezi 6 au zaidi, na huzipunguza polepole kwa maelekezo ya daktari.

Masomo nayo yashughulikiwe mapema. Mwombe daktari amwandikie barua, kisha mwende pamoja kwa msimamizi wa masuala ya wanafunzi kuuliza utaratibu wa kuahirisha mitihani au muhula kabla siku ya mwisho haijapita. Barua hiyo haihitaji kusomwa na darasa zima. Kiongozi wa darasa akiuliza alikokuwa, jibu kwamba alikuwa mgonjwa, na mengine umwachie mwenyewe aamue kama atayasema, na kwa nani.