Samaki wa tangini akiumwa: pima maji kabla ya kununua dawa

Ukimkuta samaki kajibanza pembeni, mapezi kayabana mwilini na chakula hakigusi, usikimbilie dukani. Hesabu kwanza: wangapi wanaumwa, na walianza lini? Tangi zima likibadilika ndani ya saa chache, wote wakapanda juu kuhemea hewa, kosa liko kwenye maji. Akianza mmoja, kesho wawili, wiki ijayo watano, huo ni ugonjwa wa kuambukizana.

Pima amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, kwa vipimo vya matone. Zote mbili zinatakiwa ziwe sifuri. Moja ikionekana, badilisha maji asilimia 30 hadi 50, simamisha kulisha kwa siku mbili, kisha pima tena kesho yake. Samaki wengi hupona kwa hilo tu, bila tone la dawa.

Maji ya bomba ya Kampala na Entebbe hutoka Ziwa Victoria na hutiwa klorini. Klorini huunguza matamvua na kuua bakteria wa kwenye filta, wale wanaokula amonia. Wengi hulaza maji kwenye jerikeni lenye kifuniko wakidhani klorini imetoka, kumbe imefungiwa humo humo. Yamimine kwenye beseni pana lililo wazi, uyaache saa 24 hadi 48. Ukitumbukiza jiwe la pampu ya hewa, muda hupungua. Maji ya kisima cha pampu hayana klorini, ila mara nyingi hewa yake ni haba. Yapigishe mapovu saa kadhaa kabla ya kuyatumia.

Umeme nao una sehemu yake. Filta ikisimama saa kadhaa, bakteria wake hukosa hewa na kuanza kufa. Kama filta yako ni ya ndoo iliyofungwa, umeme ukirudi usiiwashe moja kwa moja, kwani maji yaliyooza ndani yatarudi tangini. Mwaga maji hayo, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi (kamwe si chini ya bomba), ndipo uwashe.

Maji yakiwa sawa na samaki bado wanaumwa, mkague mmoja mmoja kwa tochi, ukimulika kutoka ubavuni.

Vipunje vyeupe kama chumvi iliyonyunyizwa, na samaki anajisugua kwenye mawe: hayo ni madoa meupe, ugonjwa unaopatikana zaidi kuliko yote. Huja joto likiyumba, na sehemu kama Kabale, ambako usiku ni baridi sana, tangi lisilo na hita hupata shida hii mara kwa mara. Kimelea kikiwa ndani ya ngozi dawa haikifikii. Dawa huua watoto wake, kinapodondoka, kikazaana chini, nao wakaanza kuogelea kutafuta samaki. Ndiyo maana tunaongeza joto, ili mzunguko huo uende mbio na vyote vipite mahali dawa inapovikuta.

Dawa yenyewe hapa ni chumvi, basi jua ujazo wa tangi kwanza. Zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, ugawe kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 lenye maji ya kina cha 30 lina lita 54. Punguza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya nafasi inayochukuliwa na changarawe na mawe, zinabaki kama lita 48. Kwa gramu 2 za chumvi kwa kila lita unahitaji gramu 96, yaani vijiko 16 vya chai vilivyosawazishwa. Chumvi ya kawaida ya jikoni inafaa. Ya Ziwa Katwe ambayo haijasafishwa iache: ina magadi, nayo hupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji), na pH ikipanda amonia huwa sumu kali zaidi. Iyeyushe chumvi pembeni, uitie mafungu matatu, saa 12 kati ya fungu na fungu. Pandisha joto taratibu hadi nyuzi 30, pampu ya hewa ikifanya kazi muda wote, kwa sababu maji moto hubeba hewa kidogo. Endelea siku 10, na angalau siku 3 baada ya doa la mwisho kutoweka. Wengi huacha madoa yanapopotea, na wiki ifuatayo yanarudi kwa wingi. Ukitoa lita 12, rudisha gramu 24 tu; maji yakipungua kwa kukauka usiongeze chumvi, maana chumvi haikauki nayo. Tetra na kambare wadogo wa chini wape nusu ya kipimo.

Hapa kuna mtego. Utando wa kijivu mdomoni kama pamba, au baka mgongoni mithili ya tandiko la punda, watu huuita ukungu. Mara nyingi ni bakteria, na joto huwachochea waue ndani ya siku moja au mbili. Huyo usimpandishie joto: mshushe hadi nyuzi 24, mtenge, na umwone daktari wa mifugo kwa antibiotiki. Kufungua vidonge vya binadamu na kuvimwaga tangini hufuta bakteria wa filta, na amonia humaliza waliobaki.

Vumbi la rangi ya dhahabu mwilini: zima taa, funika tangi, tumia dawa ya shaba baada ya kuhamisha konokono na kamba, maana shaba huwaua. Mapezi yaliyochanika yenye ukingo mweupe mara nyingi hupona kwa maji safi.

Magamba yakisimama kama koni ya msonobari na tumbo likavimba, figo zimeshindwa na wachache hupona. Akiteseka, mpumzishe kabisa afe bila maumivu: pima mililita 0.4 za mafuta ya karafuu kwa kila lita ya maji ya bakuli aliko, yatikise kwenye chupa yenye maji ya tangi, umwage kwenye bakuli hilo, umwache nusu saa baada ya matamvua kusimama.

Tumia ndoo ya lita 20 isiyowahi kuona sabuni kama wodi ya wagonjwa, ukitoa mkaa kwenye filta kabla ya dawa yoyote kwani huifyonza. Samaki mpya akae humo wiki 3 hadi 4, na wavu wake mwenyewe. Mkono wenye kidonda uvae glavu. Maji ya wagonjwa yamwage kwenye udongo mkavu, mbali na mtaro unaoelekea bwawani au ziwani.