Kumvua kuhe kwa mshipi wa mkono: kazi yote iko kwenye fundo

Mpwa wangu alikuja Kigoma kutoka Tabora, alikozoea kuvua kambale bwawa la Igombe kwa uzi mnene wa kusokotwa. Siku ya kwanza hakuguswa na samaki hata mmoja. Siku ya pili nikampa nailoni yangu, akapoteza kuhe wawili mfululizo, wale samaki wakubwa wa Ziwa Tanganyika. "Mjomba, samaki wa huku wana meno ya panya?" Nikamwambia alete ule mshipi niuone. Haya ndiyo niliyomwonyesha.

Hatua ya 1: Vifaa

Nailoni ya milimita 0.40 hivi, ndoana moja ya wastani, kipande kidogo cha risasi, na chupa ya plastiki ya kukunjia. Maji ya Tanganyika ni maangavu, uzi mnene kuhe anauona. Fimbo zenye rili siziwezi. Mshipi ukiwa kidoleni unajua samaki anaonja au amemeza.

Hatua ya 2: Chambo

Dagaa wabichi, mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, alfajiri mitumbwi inayovua usiku kwa taa inaporudi. Waliolala tangu jana usinunue, hawakai kwenye ndoana. Angalia na mwezi: kukiwa na mbalamwezi kali taa hazivuti dagaa, wavuvi wengi hawatoki, nawe utakosa chambo.

Hatua ya 3: Fundo

Hapa tulia. Mimi lilinila kiangazi kizima, nikilaumu ndoana na kuhama maduka.

Pitisha ncha ya nailoni kwenye tundu la ndoana, izungushe kwenye mshipi mara 5 au 6, irudishe kwenye kijitundu kilicho jirani na ndoana, halafu ipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Usikaze bado! Tia mate kwanza. Nailoni kavu ikisuguana hupata joto, na joto huidhoofisha palepale kwenye fundo. Sasa vuta taratibu mpaka mizunguko ilale bega kwa bega kama springi. Mmoja ukipanda juu ya mwenzake, kata uanze upya, hata kama mtumbwini wanakungoja. Mkia uache milimita 3. Wanaokata mpaka kwenye ngozi ya fundo wanajitakia.

Kisha nasisha ndoana kwenye msumari, uvute kwa nguvu. Usijaribu kwa kiganja.

Mshipi ukikatika, soma ncha yake. Ikiwa na manyoyamanyoya meupe, umesaga kwenye mwamba. Ikiwa imejikunja kama mkia wa kinyonga, hakuna kilichokatika: fundo limefunguka. Ya mpwa wangu ilikuwa mkia wa kinyonga mara zote mbili. Alifunga fundo lake la Igombe, ambalo uzi wa kusokotwa hulishika, ila nailoni huteleza.

Mawili zaidi. Nailoni iliyoanikwa juani miezi hukakamaa; ukisikia inalia unapokaza, itupe. Na kila ukitoa samaki, pitisha kucha kwenye nusu mita ya mwisho. Ikikwaruza, kata, funga tena.

Hatua ya 4: Kutupa

Toka asubuhi kabla ya upepo, tafuta pale miamba inapokutana na mchanga. Acha chambo kizame, vuta kidogo, tulia. Akigonga mara moja, mwache. Akiondoka nacho, kaza.

Hatua ya 5: Wa kuwaacha

Ukiona kuhe wawili wakubwa wamesimama juu ya kundi la makinda, sogeza mtumbwi. Baba na mama hulinda pamoja, na ukimtoa mmoja makinda yanaliwa na samaki wengine mbele ya macho yako. Najua ni rahisi kuwapata, ndiyo maana nasema.

Leseni malizana na afisa uvuvi, na umuulize kama ziwa liko wazi. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na mshipi wa mkono nao ni uvuvi.