Jinsi ya kufuatilia vile kijana anaamua mambo ya kazi, mwaka baada ya mwaka

Kama uko na kijana unamshika mkono, awe mtoto wako ama wa ndugu yako ama hao wa kanisa, na unataka kujua anaamua aje mambo ya kazi, usingoje amalize ndio umuulize. Ukimuuliza baadaye atakupea hadithi safi sana, na hakudanganyi, ni vile akili hupanga mambo upya. Mimi nilijulia kwa mtoto wa shangazi yangu hapa Nyalenda, Kisumu. 2021 alichukua kozi ya umeme kwa politekniki, nikaandika maneno yake vile yalitoka: "Mjomba amesema atalipa karo ya umeme peke yake." Miaka miwili baadaye tuko Dunga, kando ya ziwa, tunakula samaki nikamuuliza tena, mbona umeme? Akasema ah, mimi tangu utotoni nilipenda mambo ya waya. Nikamfungulia ukurasa. Akausoma mara mbili, akanyamaza, akaosha mikono, halafu akasema, "Anti, kweli nilikuwa nataka kupika."

Kwa hivyo kitu ya kwanza ni daftari, hata ya kurasa 48 inatosha. Siku ile ile ameamua, andika tarehe na umuulize: umeamua nini, ni gani ingine ulikuwa unafikiria ukaacha, nani alikuambia nini, na ni kitu gani hujui bado lakini umeamua tu. Hilo la mwisho ndilo lina uzito, usilipite haraka. Msichana anakwambia anataka kuwa nesi, sawa, muulize ashawahi kuongea na nesi hata mmoja, anajua zamu ya usiku inakuwa aje, anajua diploma ni miaka mingapi. Kama hajui, andika hajui, bila kumgombeza, juu ukimgombeza next time atakuambia anajua.

Siku za kuandika zenyewe zinajulikana. Kuna Gredi 9 wakichagua njia ya Gredi 10, kama ni STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi ya jamii ama sanaa na michezo, na darasa la kwanza la hiyo mpango limeingia Gredi 10 Januari 2026. Kuna KUCCPS, pale wanachagua kozi za chuo, baada ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Katikati hapo, kila likizo ya Aprili na Disemba, rudia maswali yale yale kwa maneno yale yale. Ukibadilisha swali hutajua kama ni kijana amebadilika ama ni swali lako.

Donald Super, mtafiti wa Marekani, alianza 1951 kufuata vijana wa darasa la tisa huko Middletown, New York, akaendelea nao mpaka wakawa watu wazima. Aliona kazi kijana anayotaja akiwa darasa la tisa mara nyingi haikai, cha maana ni kama anapanga na anatafuta habari. Ndio maana mimi siwezi hesabu mara ngapi mtu amebadilisha kozi nikasema huyu hajielewi, naangalia sababu. Ikitoka "wamesema" ikaenda "nimeona", huyo anakua, hata kama kozi ni ile ile. Na kama amebadilisha mara tatu na mara zote sababu ni karo, hiyo si kutojua anachotaka, hiyo ni pesa, iandike pembeni yake usiichanganye na tabia ya mtu.

Kuna pia Vincent Harren, 1979, aligawa watu kwa njia tatu, anayepima, anayefuata moyo, na anayeachia wengine waamue. Inasaidia, lakini usimpige mtu muhuri, kijana huyo huyo atapima vizuri simu ya kununua halafu kozi aachie baba. Na kwetu anayelipa karo ana haki ya kusema kitu, kusikiza wazee si udhaifu. Uliza tu, akikubali alikuwa anajua nini?

Daftari likae kwake, si kwako. Na usilisome mbele ya wazazi kabla hajakubali. Nilifanya hivo mara moja, nikidhani namsaidia, na huyo kijana alinijibu "sijui" mwaka mzima.