Skuta ya umeme: ukishtuka, achia
Kama mzazi wako huko Uingereza kapata skuta ya umeme ya kukalia, ya kumsaidia asiyeweza kutembea sana, mfundishe hili kwanza: akishtuka, aachie mkono. Tumezoea breki ya baiskeli, tukiogopa tunabana. Kwenye skuta nyingi za aina hii kubana kishikio kidogo cha kwenye usukani ndiko kuongeza mwendo. Ukikiachia, inasimama yenyewe. Ajizoeze mahali pa wazi, kasi ikiwa chini kabisa. (Kwenye njia ya waendao kwa miguu, kasi mwisho ni kilomita 6.4 kwa saa.) Ukingo wa barabara aupande pale uliposhushwa, akiuelekea moja kwa moja, kimshazari inaweza kupinduka. Na azime ufunguo kabla ya kushuka, maana mkoba ukigusa kishikio tu, skuta hiyo inaondoka.